Nimemsifia Mjukuu Ambaye Sijamwona

Mpendwa mshauri Bibi Otilia, naomba msaada wako na nakusihi usinicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha na jirani yangu Pintea, na hata sasa ninapoandika nasikia aibu, mimi mtu mzima niliyezika mume na kulea mwana, leo nimekuwa mwongo kwa binti yangu wa pekee.

Jina langu Saveta, naishi kijijini juu ya mji wa Sighet, mume wangu Gavrila alifariki kabla tu ya Krismasi, na siku ile nilifanya kama mama yangu alivyofanya kwa baba, nikafunika vioo, nikasimamisha saa ya jikoni, nikasimamisha na ya chumbani, na kwa kuwa kompyuta nayo ina saa yake kule chini pembeni, na Gavrila ndiye aliyekuwa akishinda nayo, sikuona haki ile moja iendelee kutembea kana kwamba hakuna lililotokea, basi nikaizuia isijirekebishe yenyewe, nikairudisha kwenye siku aliyofariki, na kwa vile haikubali kusimama, kila asubuhi kabla sijanywa kahawa nairudisha tena, na nikishairudisha moyo unatulia kidogo.

Tulipotoka makaburini, binti yetu Dorina, mjamzito, akaniambia, "Mama, baba keshazikwa, saa zinawashwa sasa," nami nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi, akasema hawezi kukaa kwenye nyumba iliyoganda, basi maneno yakazaa maneno mbele ya wageni, sarmale, zile nyama za kuviringishwa kwenye kabichi, zinapoa mezani, na kesho yake akarudi zake ng'ambo, Torino, kwa mumewe bila kunibusu sawasawa.

Mwezi wa tatu akajifungua salama, mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, nikalia mpaka nikakaa chini sakafuni. Wana ukurasa wao wa picha za familia kwenye mtandao, Gavrila alikuwa akiufungua kila Jumapili, na mimi nikaufungua nimwone mtoto, badala ya mtoto ikatokea alama nyekundu na maneno kwamba muunganisho si salama, huenda kuna watu wanataka kuniibia. Nikasema labda intaneti imekatika, lakini mbona redio ya kanisa inafunguka, mapishi yanafunguka? Ukurasa wa hali ya hewa ndio uliotangulia kugoma, ukafuata wa kulipia umeme, sikujali, nikitaka hali ya hewa nachungulia dirishani, lakini mjukuu wangu nitamchungulia wapi?

Nikamwita Pintea, anayejifanya fundi, akazima kisanduku cha intaneti akakiwasha, akafuta kumbukumbu zote za kivinjari, akakiondoa kivinjari chenyewe akaweka kingine, akamaliza chupa ya horinca, pombe kali ya matunda aliyoipika marehemu kwa mkono wake, na alipopeleka kidole kwenye ile saa nikamchapa kibao cha mkono, nikamwambia hiyo ya marehemu usiiguse, akafanya ishara ya msalaba akaiacha. Mwisho akaniambia, "Shemeji, kompyuta haina ugonjwa. Binti yako kakufungia mlango." Maneno hayo yaliniingia, Bibi Otilia, maana nilikumbuka tulivyoagana.

Simu yangu ni ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Dorina akapiga, sauti ya furaha, "Mama, umemwona?" Ningesema nini? Kama kanifungia, basi ananipima, na kama hajanifungia nitamvunja moyo, nikasema nimemwona, mzuri ajabu. "Amefanana na nani?" Nikasema, "Baba yako mtupu! Hasa macho."  Kisha akaniuliza polepole, "Kweli, mama?" akaanza kulia, simu ikakatika, na tangu hapo hajapiga, nami naogopa kumpigia kwa sababu najua ameshajua kwamba nadanganya, na Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Nimwombe radhi au ninyamaze yapite? Na hebu niambie bila kunificha, ni kweli mwanangu kanifungia?

Mimi Saveta, bibi asiyemjua mjukuu wake.

*

Dada Saveta,

Pole sana kwa Gavrila. Pole ya dhati, si ya kwenye gazeti. Nimeisoma barua yako kahawa ikapoa.

Sasa kaa nikugombeze. Hakuna aliyekufungia mlango. Mlango unaufunga wewe mwenyewe, kila asubuhi, kabla ya kahawa. Na Pintea mwambie nimesema hivi: aliyekunywa horinca ya marehemu na kumsingizia binti yatima ubaya, arudi akupasulie kuni za msimu mzima.

Nisikilize. Kila tovuti ina cheti cha kujitambulisha, na cheti hicho kina tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha. Kivinjari chako kabla ya kukufungulia kinaangalia cheti, kisha kinaangalia saa ya kompyuta. Yako inasema bado ni Desemba. Kivinjari kinakuta cheti kimetolewa, tuseme, mwezi wa pili, kinashtuka: cheti cha siku ambayo haijafika? Huyu tapeli! Kinakuwekea alama nyekundu. Redio ya kanisa na mapishi yanafunguka kwa sababu vyeti vyao ni vya zamani, vya kabla ya msiba. Vikibadilishwa, na hivyo vitakugomea. Ndiyo maana zinakukatikia moja moja. Kompyuta yako ni nzima, inakutii tu kupita kiasi.

Dawa yake ni hii. Weka mshale juu ya ile saa, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kurekebisha tarehe, halafu washa pale ulipopazima ili ijirekebishe yenyewe. Funga kivinjari chote, ukifungue upya. Ikiwa ukizima kompyuta tarehe inarudi nyuma bila wewe kuigusa, basi kibetri kidogo cha ndani kimekufa, ipeleke kwa fundi wa kweli mjini. Lakini ole wako ubofye pale panaposema uendelee hivyo hivyo licha ya onyo! Siku nyingine wezi watakuwa wezi kweli, na huko ndiko unakolipia umeme.

Najua ninachokuomba. Usidhani nakuona mjinga. Mwanamke anayeamka kila siku kumrudishia mumewe saa yake, mimi simcheki, na atakayemcheka aje kwangu. Lakini Dorina alisema kweli, na wewe desturi unaijua kunishinda: saa husimamishwa mtu atoke kwa utulivu, akishatoka mlangoni huwashwa. Hata hivyo ya jikoni sikuamuru. Ile ni yako, iache mpaka moyo wako wenyewe ukuambie. Hii ya kompyuta si yako peke yako. Ndiyo inayokukutanisha na watu walioko leo, na mmoja wao amezaliwa mwezi wa tatu na hana habari na Desemba yako. Ihamishe leo, kabla hujaosha vyombo.

Tuje kwenye uongo. Haukuwa wa ubaya, lakini umempa mtoto macho ambayo hujayaona, na mama yake ameyapokea. Unadhani Dorina alilia kwa kuwa alikugundua. Mimi sidhani. Msichana amempoteza baba, amezaa ugenini, mara anaambiwa na mtu pekee anayeyajua macho yale vizuri kuliko yeye kwamba yamerudi. Wewe ungefanya nini? Ungeongea? Na baada ya hapo mama mwenyewe akanyamaza, hakupiga tena. Saveta, na yeye huko aliko huenda anajiuliza nani kamfungia nani.

Kwa hiyo usimpigie ukishatengeneza. Mpigie kabla. Mwambie: "Mwanangu, sijamwona mtoto. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa umenichoka." Mwambie habari ya saa, yote, hata ya kila asubuhi. Atakukasirikia kidogo, vumilia. Kisha mwambie asikate, akae hapo hapo kwenye simu wakati unairekebisha tarehe, mfungue ukurasa pamoja. Ukimwona mtoto, sema unachokiona. Kama ana pua ya wakwe na kidevu cha mtu usiyemjua, sema hivyo hivyo, mcheke pamoja.

Lakini kuna jambo moja limenikaa kooni. Barua yako nimeirudia mara mbili nikitafuta Dorina mwenyewe anaendeleaje, sikupata neno. Mume wako, saa yako, mjukuu wako, aibu yako, yote yamo. Dorina aliyemzika baba yake akiwa na mimba, akajifungua bila mama kando yake, hayumo. Basi kabla ya tarehe na kabla ya picha, akipokea tu simu, muulize: "Na wewe mwanangu, unalala? Unakula? Nani anakushikia mtoto ukitaka kulia?" Ukishauliza, nyamaza, umwache aseme mpaka amalize.