Salamu Inayoishia kwa Madame Satenik

Brussels, 1 Februari 1993

Kwako Mama,

Kabla ya yote nakusalimu, wewe na nyumba nzima, pamoja na wale wa jumuiya wanaosoma barua zangu juu ya bega lako. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba jioni? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa baridi ya huku ambayo haina adabu.

Uliniuliza kama kanisa la akina Garo ni la Wakristo kweli. Mama, Waarmenia ni Wakristo tangu zamani kuliko sisi, na hawachoki kunikumbusha. Wanasali katika kikanisa walichoazimwa hapa mtaa wa Forest, karibu na nyumba ya wazee ninapofanya kazi, ile ambamo nyanya yake Garo alifia mikononi mwangu, nami nikapata mchumba. Wanaimba mpaka mwili unasisimka. Wanawake wanakaa upande wao, wanaume upande wao, na makoti ya manyoya yananuka dawa ya nondo. Padri atatufungisha ndoa baada ya Pasaka, maana katika Kwaresima yao hakuna harusi.

Sasa nikwambie jambo lililonikaa kooni. Kwao salamu ya amani haitolewi kama kwetu, kila mtu kumshika mkono aliye karibu. Inaanzia altareni. Garo anahudumu kule juu, kwa hiyo yeye ndiye anayeipokea kwa padri na kushuka nayo. Anampa mwanamume wa kwanza, kisha mwanamke wa kwanza: shavu hapa, shavu pale, na maneno yake, kwamba Kristo ameonekana kati yetu. Yule naye anampa wa pembeni, na hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Mwanamke wa kwanza ni mama yake Garo, Madame Satenik, mwenye duka la mazulia. Wa pili ni mimi, Garo mwenyewe alinikalisha hapo tulipochumbiana. Jumapili ya kwanza Madame alipokea salamu kwa mwanawe, akanitazama, akageuka nyuma akampa mke wa mwanasheria. Nikasema labda amesahau. Zikafuata Jumapili nyingine, na jana tena. Salamu inanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Na Garo anaona! Amesimama pale juu, anaona, halafu anatazama viatu vyake. Nyumbani ananiambia, "Mama ni mtu mzima, mpe muda."

Nachukizwa, Mama. Wiki nzima nawafuta wazee wa watu midomo na makalio, na sijawahi kuona kinyaa. Jumapili nikitoka pale natamani kuoga. Niambie nifanye nini, kabla sijakosana na mtu ninayetaka kuolewa naye.

Mtoto wako,
Graciella


Bukavu, 14 Februari 1993

Mwanangu Graciella,

Upokee amani ya Bwana, na ya mama yako juu yake. Mguu umepungua kidogo, dawa uliyotuma ni nzuri. Huku tunaishi, sabuni tu ndiyo imekuwa ya kutafuta kwa tochi. Barua hii inasafiri na Padri Jean-Marie, ila atapitia Kigali, kisha Roma, kwa hiyo usishangae ikichelewa.

Nimesoma maneno yako mara mbili, ya pili bila wale wa begani. Huyo mwanamke ana roho mbaya. Lakini tangu lini mtoto wa Lucienne anakaa kama gunia akingoja kusalimiwa? Mke wa Waziri aliponisema vibaya kwa mambo ya kwaya, mimi mwenyewe nilimfuata mpaka kwenye benchi lake, nikamshika mkono na kuubana mpaka akacheka. Usingoje. Jumapili ile ile utakayokuwa na barua hii, mgeukie huyo mama, mbusu mashavu yote mawili mbele ya watu. Atafanya nini? Ni kanisani.

Uchumba usivunjike kwa sababu ya shavu. Wanawake wa jumuiya wameshachagua kitenge cha harusi yako, cha njano chenye ndege, na wameshakinunua. Maman Mauwa amechukua pisi mbili, unaujua mwili wake. Nitawaambia nini hawa watu?

Mama yako,
Lucienne


Brussels, 15 Machi 1993

Mama yangu,

Salamu nyingi. Natumaini mguu unakufikisha kanisani. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaugua. Padri Jean-Marie ameniletea barua yako Ijumaa, na jana nimefanya kama ulivyosema. Afadhali ungeniandikia nimpige kofi.

Nianze na Kwaresima yao. Hawali nyama, hawali samaki, mayai wala maziwa. Hata sambaza, dagaa zetu za ziwani, wangezikataa. Baada ya ibada wanakaa ukumbini kula madonge ya dengu, ndani yake vitunguu, zabibu na mdalasini, kitu ambacho mdomo haujui kama ni chakula au peremende. Nilimeza kwa maji. Madame Satenik anageuza kila pakiti ya biskuti kusoma nyuma kama kuna siagi. Akishahakikisha mdomo wake ni safi, anaanza kumtafuna mama mmoja aliyefika juzi kutoka Armenia na watoto wake, kwamba wanakuja kanisani kwa ajili ya kushiba. Anayasema hayo mama wa watu yupo, anakusanya vikombe!

Na altare wameifunga kwa pazia kubwa. Padri na Garo wanasali nyuma yake, sisi tunasikia sauti tu. Tangu pazia lifungwe, salamu haikushuka tena. Nilidhani ni kwa sababu mwenye kuileta amefichwa. Hakuna aliyenieleza kitu. Kumbe ni sheria: Kwaresima nzima hakuna kubusiana, ni wakati wa kulilia dhambi, mpaka Pasaka.

Basi jana, pale ambapo salamu hushuka, mimi nikainuka. Nikamshika Madame Satenik mabega, nikambusu shavu hili na shavu hili. Waimbaji walikata neno katikati. Yeye akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta. Taratibu, Mama, bila haraka yoyote. Shavu la kulia, kisha la kushoto. Halafu akakitazama kile kitambaa, na badala ya kukirudisha mkobani akakiangusha chini ya benchi.

Garo alinifuata nje. "Ni Kwaresima, Graciella. Haturuhusiwi. Mama amejifuta kwa sababu ya Kwaresima." Nikamuuliza tangu lini Kwaresima inafutwa kwa kitambaa. Baadaye, nilipovua pete na kuiweka mezani, ndipo akaapa kwamba siku ya Pasaka salamu ataileta kwangu kwanza, mbele ya wote, hata mama yake azimie. Nimeivaa tena.

Nilikwenda mtaa wa Koekelberg kwa shangazi, tantine Pétronille, kulia. Yeye alicheka mpaka akatafuta kiti.

"We mutoto! Ulienda kubusu muntu mu Carême yabo, mu Kwaresima? Bon, ulikosa, sema pardon. Lakini ule mama hakupangusa Carême, alipangusa weye. Alors, na bwana yako, yeye iko anasemaka nini?"

"Anasema nimupe mama yake muda."

"Muda ya nini? Ya kukuzoea? Weye si viatu!"

Nangoja Pasaka, Mama. Nampenda yule mwanamume, na ninachokitaka kwake ni hatua chache tu kutoka altareni mpaka kwenye benchi langu.

Mtoto wako,
Graciella


Bukavu, 28 Machi 1993

Mwanangu,

Pole, na pole tena. Radjabu mchuuzi wa vitambaa ameifikisha barua yako upesi aliporudi kutoka huko, na kesho Ghislain, mtoto wa Maman Mauwa, anapanda ndege kuja huko, ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia. Mguu usiuulize. Tangu nisome barua yako sina mguu, nina hasira.

Kwa kosa la Kwaresima, mimi ndiye niliyekutuma. Sikujua. Sisi wakati huu tunaacha Aleluya, lakini mikono ya watu hatujawahi kuiacha. Mwombe radhi huyo mama, mara moja tu, kwa sauti ya kusikika. Kwa kile kitambaa, yeye ndiye wa kukuomba wewe.

Ila macho yako yawe kwa Garo. Mama mkwe utamwona Jumapili, mwanamume utamwona kila asubuhi. Akiileta hiyo salamu, olewa kwa moyo mweupe, vitenge viko kwa fundi. Nakutumia leso niliyoidarizi mwenyewe, nyeupe, herufi yako na yake kwenye pembe. Uishike siku ya harusi, kama mimi nilivyoshika ya kwangu nilipoolewa na baba yako.

Mama yako,
Lucienne


Brussels, 12 Aprili 1993

Mama mpenzi,

Kristo amefufuka, hiyo ndiyo salamu ya leo, kwako na kwa wote wa nyumbani. Ghislain alifika salama na leso nimeipata. Ni nzuri kuliko kitu chochote nilicho nacho. Keti kwanza, ndipo usome.

Radhi nilimwomba Madame Satenik siku ya Matawi, kwa sauti. Alisema, "Haidhuru, ungejuaje wewe," huku anatazama viatu vyangu. Jioni ile walipiga magoti mbele ya pazia lililofungwa, wakaimba wakiomba wafunguliwe mlango wa rehema. Wazee walilia. Yule mama wa Armenia alilia. Mimi sijui neno hata moja la lugha yao, nikalia pia. Pazia likafunguliwa, altare ikawaka mishumaa, na nikasema moyoni, labda hata mimi nitafunguliwa.

Jana nilivaa vizuri, leso yako mkononi, nikakaa mahali pangu pa pili. Kanisa zima lilikuwa linangoja. Mke wa mwanasheria alikuwa amegeuza hadi magoti. Garo akapokea salamu kwa padri, akashuka. Akampita mama yake! Akaja moja kwa moja kwangu. Akaegemeza shavu la kwanza, akasema maneno yao kwa Kiarmenia. Akaegemeza la pili, na sikioni mwangu akaongeza kwa Kifaransa:

"Mama amekubali. Nimemwomba wiki nzima."

Nikageuka kumtazama Madame Satenik. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyemruhusu mpita njia atumie choo chake.

Sikupanga, Mama, nakuapia. Mkono ulipanda na leso, nikajifuta shavu la kulia, kisha la kushoto. Garo akabaki amenikodolea macho. Nilichukizwa kuliko siku ya kitambaa cha kwanza. Madame angalau alijifuta kwa mkono wake mwenyewe, hakutuma mtu kuomba ruhusa. Huyu ningekaa naye vipi? Leo shavu langu, kesho jina la mtoto, kesho kutwa kitanda chetu kitazame wapi, yote yaanzie dukani kwenye mazulia.

Lakini salamu nilikuwa nimeshapewa, na kwao aliyepewa hakai nayo. Nikatoka kwenye benchi, nikapita katikati ya wote mpaka nyuma, mlangoni, anapokaa yule mama wa Armenia na watoto wake. Nikampa, shavu hili na shavu hili. Akanijibu kwa maneno yao, akanishika uso kwa mikono miwili inayonuka vitunguu. Kisha nikachukua koti langu.

Pete nimeirudisha leo. Nimeitia katika sanduku la barua la duka la mama yake, kwa kuwa huko ndiko mambo yake yanakoamuliwa. Nimelia, siwezi kukuficha, na kesho nina zamu ya asubuhi.

Niwie radhi kwa vitenge. Nijibu hata mstari mmoja, hata uwe wa kunitukana.

Mtoto wako,
Graciella


Bukavu, 2 Mei 1993

Graciella mwanangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mguu mzima, umeogopa hasira yangu ukapona wenyewe. Umekula? Tantine Pétronille akupikie, mwambie nimesema mimi.

Nilijaribu kukutukana, sikupata pa kuanzia. Nilinuna jioni moja kwa ajili ya vitenge, halafu nikawasomea jumuiya barua yako yote, na pale pa choo nikarudia. Maman Mauwa akasema, "Ule bwana, angekuoa, angekuwa anaombaka mama yake ruhusa hata ya kuzima taa!" Ilibidi tungoje watu wamalize kucheka ndipo tufunge kwa sala. Kisha akauliza, "Na kitenge tulishashona. Tutaikula?" Tumekubaliana tutavivaa Pentekoste, sote njano na ndege wetu. Cha kwako nimekishona kwa vipimo vya zamani, ukiwa umekonda usiniambie.

Leso usiifue kwa sabuni kali. Herufi yake nitaifumua utakapokuja.

Leo kanisani, wakati wa amani, nilimpa mke wa Waziri mkono, halafu nikampa tena. Akaniuliza huu wa pili ni wa nini. Nikamwambia ni wa mtoto wangu, yuko mbali, aupitishe kwa mwingine. Akageuka, akampa wa nyuma yake.

Mama yako,
Lucienne