Nimelowa kazini, naona aibu kurudi hospitali

Dada mshauri, nisaidie, na tafadhali usinicheke, maana waliokwisha kunicheka wanatosha. Mimi ni fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, nina mimba yangu ya kwanza na siku zimekaribia, na wiki iliyopita nilishikwa na tumbo nikiwa kazini, wenzangu wakasimamisha mashine, wakanikabidhi beseni na nguo za mtoto walizokuwa wameniwekea, wakanisindikiza mpaka mlangoni kama bibi harusi, mume wangu akaja kunichukua na gari la jirani, lakini kule hospitali muuguzi akanipima akasema njia haijafunguka hata kidogo, akaniambia mbele ya benchi zima, "Mama, hapa hatulazi hofu. Rudi ukishikwa na uchungu wa kweli," nami nikarudi nyumbani na beseni langu, na kesho yake nikaingia kazini na tumbo vilevile.

Tangu siku hiyo jina langu ni Bi Mazoezi. Msimamizi akipita anauliza, "Bi Mazoezi, mechi lini?" na karakana nzima inacheka, na mimi nacheka nao, nitafanyaje.

Sasa jana nikiwa kwenye cherehani nilijisikia nimelowa, si kidogo, mpaka kiti, na mpiga pasi alikuwa anakuja kuchukua sketi, kwa hiyo nikashika maji yangu ya kunywa nikajimwagia mapajani nikasema lo, yameniponyoka. Mtu mzima, dada, nimejikojolea kazini kama mtoto wa chekechea. Nikaenda chooni nikajiwekea mabaki ya kitambaa cha sketi, yale ya kijani, na mkojo umeendelea kutoka wenyewe, nikikohoa unatoka, nikisimama unatoka, nikijibana haubaniki. Nguo ya ndani ikashika rangi ya kijani, nikajua kitambaa kinachuja, basi jioni nikabadilisha nikaweka cheupe cha mashati, nacho leo asubuhi kimekuwa vilevile, sijui rangi imeniganda mwilini.

Leo nimeomba ruhusa, nimesema kichwa kinauma. Uchungu sina hata chembe. Mtoto mwenyewe ametulia tangu nilipoamka, naona naye amechoka na mambo yangu. Mume wangu ni mwokaji mikate, hushinda amelala kwa sababu kazi yake ni ya usiku, na hajui lolote, nimefua shuka nikamwambia limemwagikiwa na chai. Naomba unitajie dawa ya kuzuia mkojo isiyomdhuru mtoto, na unieleze, uchungu ukija kweli, nitapitaje tena mbele ya muuguzi yule? Naandika kwa simu ya mume wangu, yangu imekufa kioo. Usipige, tafadhali, andika tu.

Mwenye Haya

JIBU

Mdogo wangu, umeandika nisipige. Nimepiga. Na maneno haya nimekutumia kwanza kwa simu, gazeti baadaye.

Dawa ya kuzuia mkojo sikutajii, kwa sababu sidhani kama huo ni mkojo. Mkojo una harufu unayoijua, na mara nyingi ukijibana unasimama japo kidogo. Kinachotoka chenyewe kutwa kucha, mimba ikiwa imekomaa, kihesabu ni maji ya uzazi mpaka mtu wa hospitali akupime na kusema sivyo.

Halafu hiyo rangi. Vitambaa unavijua kuliko mimi. Kitambaa cheupe cha shati kimeanza lini kuchuja kijani? Rangi hiyo inatoka ndani. Huenda mtoto amejisaidia akiwa tumboni, na mtoto aliyefanya hivyo kisha akapunguza kucheza anaweza kuwa taabani. Usiseme amechoka na mambo yako.

Muuguzi alikukosea. Lile la hofu halikuwa la kumwambia mtu mbele ya benchi zima, na alipaswa kukueleza kwamba uchungu ni ishara moja tu. Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, kila ukirudi umeukaribia uliotangulia na umezidi nguvu, na kulala au kutembea hakuutulizi. Lakini maji yakitoka mtu anaondoka kwenda hospitali hata kama hasikii maumivu. Akiona damu anaondoka. Mtoto akipunguza kucheza anaondoka, na kichwa kikimgonga huku macho yanaona ukungu, anaondoka. Asiye na uhakika aende akapimwe. Wengi wa mimba ya kwanza hurudishwa nyumbani, na hawajamkosea mtu.

Nawe una lako. Umejimwagia maji mbele ya mpiga pasi, umemdanganya msimamizi kuhusu kichwa na mumeo kuhusu chai, kazi yote hiyo ili wanaokuita Bi Mazoezi wasipate kichekesho kipya. Watacheka siku mbili, wachoke. Mtoto huyu akipotea, utamlilia wewe.

Kwa hiyo inuka. Usingoje uchungu, usijiingizie kitu chochote, jiwekee kitambaa kisafi kwa nje, na kile chenye rangi kichukue ukamwonyeshe muuguzi. Ukifika sema hivi: maji yanatoka tangu jana, yana rangi ya kijani, na mtoto hachezi kama kawaida. Ukimkuta muuguzi yuleyule, yaseme vilevile, kwa sauti ya kusikika. Unauliza utapitaje mbele yake. Utapita kwa miguu, na miguu ikikataa utabebwa.

Ninapoipeleka safu hii kwa mhariri sina habari zaidi ya hizi. Nilipopiga alipokea mumeo, sauti bado ina usingizi. Nikamsomea barua yako yote, na hilo utanisamehe au hutanisamehe. Akaniambia kwamba jirani yenu mwenye gari ndiye aliyewapeleka wiki iliyopita, na tangu hapo wakikutana anamuuliza kama safari ijayo awatoze nauli ya kwenda na kurudi kabisa.

"Sasa, dada, safari hii nikamwambie nini?"

"Mwambie awashe gari."