Jina Ndani ya Mawe

Lubumbashi, kambi ya wakimbizi
14 Januari 1962

Mke wangu Chileshe,

Salamu nyingi. Hujambo? Na tumbo linaendeleaje? Baba mkwe Kasonde na mama mkwe wameamkaje huko Kasenga? Mimi ni mzima, isipokuwa nakohoa moshi wa kambi nzima. Barua hii ameibeba Julienne, yule mchuuzi wa samaki wa huko kwenu, ndani ya kikapu chake, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi.

Sijatoka kambini tangu Septemba. Wenyeji wa jimbo hili hawatutaki tena sisi watu wa Kasai, tukivuka barabara tu tunapigwa, na nyumba yetu wameshaingia wengine. Nilikimbia na nyundo na tindo zangu, basi. Nani angedhani mchonga mawe ya makaburi atakosa kazi mwaka huu? Lakini humu tunazika watu bila jiwe.

Kazi imenifuata humuhumu. Kuna askari wa Umoja wa Mataifa anayetulinda, Koplo Pasang, Mgurkha, mtu wa milima ya mbali. Vita vya Desemba vimemuulia wenzake wawili. Dini yake ni ya Buddha, naye anataka kuwajengea stupa, yaani kijumba cha mawe kisicho na mlango, na ndani mawe yaliyochongwa maneno ya vitabu vyao, ili yabaki hata karatasi zikiungua. Yeye anaandika kwa chaki, mimi nafuata kwa tindo. Sielewi herufi hata moja, lakini mkono haulalamiki.

Mtoto akizaliwa, niandikie alivyotoka. Unajua kwetu baba hachagui tu jina. Namna ya kuzaliwa ndiyo inayolitaja.

Mume wako,
Stanislas

Kasenga
2 Machi 1962

Mume wangu,

Pokea salamu za hapa wote. Kifua chako vipi? Sisi tu wazima, na sasa tumeongezeka. Tumepata msichana, tarehe 19 Februari. Alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Mama alikizungusha kwa vidole mpaka akakitoa, ndipo akalia, na tangu siku hiyo hanyamazi. Hapo amekufuata wewe.

Najua jina lake. Nilijua palepale: Mujinga, kama kwenu anavyoitwa kila anayezaliwa amezungukwa na kitovu. Lakini baba alisimama mlangoni, akasema, «Mutoto ataitwa Mwansa, jina ya kwetu hapa. Ile jina ya Kasai itamuua.» Usimchukie. Wenye bunduki wanapita nyumba za karibu na kivuko wakiuliza majina, na jirani yetu Clément wamemchukua kwa ajili ya jina la babake tu. Baba anangoja, nami nimemwambia nataka kwanza neno lako.

Mkeo,
Chileshe

Lubumbashi, kambini
20 Machi 1962

Mke wangu,

Salamu kwako na kwa binti yangu. Nimecheka, nimelia, kisha nimekasirika. Mujinga hapewi jina, anakuja nalo. Mkimwita vingine mmemrudishia kile kitovu shingoni. Nyumba wamechukua, mji wamechukua, sasa na mtoto?

Leo sina subira na mtu. Nilipanga mawe ya Pasang kama tunavyoweka makaburini, maandishi nje ili wapita njia wasome. Alishika kichwa. Akayageuza moja moja, maandishi ndani. Nikamuuliza kupitia mkalimani, «Sasa nani atasoma?» Akajibu eti hayakuchongwa yasomwe, yamechongwa yawepo. Miaka ishirini ya kazi, sijasikia upuuzi kama huo.

Usimwite Mwansa. Nimesema.

Baba Mujinga

Kasenga
11 Aprili 1962

Mume wangu,

Salamu. Tu hai, tuanzie hapo.

Jana walikuja watatu wa wale wenye bunduki. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, barua yako kifuani. Mmoja akauliza, «Huyu mutoto, jina yake nani?» Neno lako lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, «Mwansa.» Akamgusa shavu, akasema, «Iko jina muzuri,» wakaenda. Clément hajarudi mpaka leo.

Nimekuasi. Kasirika ukitaka, mtoto wako ananyonya.

Mama Mwansa

Lubumbashi, kambini
28 Mei 1962

Mke wangu mpenzi,

Salamu, na unisamehe. Barua yako nimeisoma siku nyingi, na kila nikisoma naona yule mtu anamgusa shavu.

Kesho wanatupakia kwenye treni ya Kasai, kambi inavunjwa. Kasai niliiacha nikiwa mtoto. Njia ninayoitaka mimi ni ya Kasenga tu, na hiyo ndiyo imefungwa. Nilimwomba Pasang anifiche kwenye gari. Hakuweza.

Juzi tumefunga stupa. Kabla ya jiwe la mwisho nilimwonyesha kijiwe changu, nimechonga Mujinga. Nilijua atakataa, maana si neno la kitabu chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka katikati ya mawe yake, maandishi ndani.

Sasa mwite Mwansa, Chileshe. Mwite kwa sauti, sokoni na kivukoni. Lile lingine lipo. Stupa iko kando ya barabara, karibu na kichuguu kikubwa, kimo cha kifua chako.

Nitakuandikia nikifika. Nakupenda, na ninaogopa.

Baba Mwansa

Lubumbashi
8 Septemba 1963

Mume wangu,

Salamu, popote ulipo. Hii ni barua ya nne ninayotuma misioni ya Bakwanga, huko Kasai. Hakuna aliyenijibu, hata kunikatalia.

Vita vimekwisha, tukaja na lori la samaki la Julienne, mimi, baba na mtoto. Kambi imekuwa majani matupu. Stupa yako ipo. Mawe matatu ya chini wamechukua kuwa mafiga, mengine yameshikana. Baba aliizunguka, akavua kofia, akaniuliza, «Tubomoe kidogo, tuone?» Nikamwambia hayakuchongwa yasomwe. Akalia, na sijawahi kumwona akilia.

Mtoto sasa anatembea. Nilimsimamisha kando ya mawe, nikaenda ng'ambo ya barabara. Watu walikuwa wanapita na baiskeli zao. Nikaita kwa sauti yangu yote: «Mujinga!»

Aligeuka nyuma, akamtafuta huyo mtoto mwingine anayeitwa.

Nikaita tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka. Njoo umwite wewe.

Mama Mujinga