Shada Lililobakiza Nafasi Moja

Familia inawatangazia ndugu, majirani na wateja wote kwamba mkasi wa kukatia mashina, wenye mpini uliofungwa kitambaa cha buluu, uliokuwa ukitafutwa tangu siku ya mazishi, umepatikana ndani ya ndoo ya udongo. Waliotuhumiwa wanaombwa radhi.

Leo umetimia mwaka mmoja, dada, tangu ulipoinamisha kichwa juu ya meza yako ya kazi, Alhamisi, saa tisa alasiri, waya ukiwa bado umekuzunguka kidole.

Nimepewa mimi kazi ya kuandika kwa sababu nilifanya kazi masjala miaka thelathini, na inadhaniwa kwamba aliyetunza majalada ya watu anajua pia namna ya kuyafunga. Nakuandikia wewe moja kwa moja, kama kumbukumbu zinavyotaka, ingawa unaujua msimamo wangu: marehemu hasomi gazeti. Ulikuwa ukinijibu kwamba hata walio hai hawalisomi.

Ulikuwa mtu wa majira. Mvua zikianza, ulijaza makopo ya maziwa matupu kwa yungiyungi na majani ya kando ya mfereji, ukayapeleka wodini bila kuagizwa. Baridi ikiingia, ulisuka vikapu vidogo vya nyasi kavu na kuvipamba kwa mbegu. Kiangazi kilikuwa cha mashada. Chumba chako cha kazi kilinuka utomvu na chuma, na aliyeingia humo alitoka na kijani vidoleni.

Tunaukumbuka wema wako. Mwashi mmoja aliyefiwa na mkewe alisimama mlangoni asijue aombe nini. Hukumuuliza lolote. Ulimpa kiti na ndoo ya alizeti azipunguze majani, na mpaka anamaliza ndoo alikuwa amekwisha kusema yote.

Ua ulilolipenda kuliko mengine lilikuwa protea, lile lenye kichwa kizito kama ngumi ya mtoto na magamba yaliyopangana kama vigae. Kichaka chake ulikipanda mwenyewe kando ya tangi la maji. "Waridi likifa linakuaga," ulisema. "Linainama, linamwaga petali, unajua limekwenda. Hili halikuagi. Linakauka na uso wake ule ule." Ulilisema hilo kama sifa.

Ulifunga kwa mkono wa kushoto, waya ukizunguka kinyume na wa watu wengine wote. Mdogo wetu, fundi cherehani, alisema kazi yako hujulikana hata gizani, kama nguo ambayo mshono wake umegeuzwa nje.

Wala hukuwahi kumaliza shada. Wateja wapya walilalamika. Kila mara uliacha nafasi moja, upana wa kidole gumba, kisha ukamkabidhi mwenye shada shina la mwisho ukamwambia: "Yangu yameishia hapa. Hapa ni pako." Ulidai kwamba shada ambalo mwenyewe hajalitia mkono ni pambo la dukani tu. Sikukubaliana nawe. Hata hivyo, niliwaona watu wakilishika shina lile kwa namna ambayo hawakushika kitu kingine chochote siku hiyo.

Shada la mwisho uliliacha mezani, mashina thelathini na tisa na nafasi moja. Halikuwa la mteja. Mumeo anasema lilikuwa lenu, na kwamba asubuhi ile ulimwambia, "Usiweke chochote mpaka nikuonyeshe pako." Hukuwahi kumwonyesha. Anangoja.

Kungoja huko kusingekuwa na ubaya kama si macho yake. Daktari amesema presha ya macho imekwisha kulila jicho la kushoto, na la kulia litaponea tu kwa matibabu ya kila wiki, katika mji anakoishi binti yako. Binti yako ameandaa chumba. Amepaka kuta rangi nyeupe na milango rangi nyekundu, ili baba yake aone pa kutokea. Kila anapokuja kumchukua, mazungumzo ni yale yale.

"Nitakwenda shada likiisha, mwanangu."

"Baba, mama hayupo."

"Najua hayupo. Nilikuwa mazikoni. Umesahau nani alikushika usianguke?"

"Sasa nani atalimaliza?"

"Hilo ndilo nangoja nilione."

"Kwa macho gani, baba?"

Binti yako alikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, siku ya Alhamisi, tuliikuta nafasi imejazwa. Mashina yakawa arobaini. Upande wa pili wa shada ilikuwa imefunguka nafasi nyingine, upana ule ule. Alhamisi iliyofuata yalikuwa arobaini na moja, na nafasi imehama tena. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Protea zilizoongezwa zilikuwa mbichi. Nilikwenda kukikagua kichaka kando ya tangi: hakikuwa kimechanua, wala hakikuwa na tawi lililokatwa.

Nilianza na mshukiwa aliye karibu.

"Shemeji, niambie ukweli. Ni wewe?"

"Shemeji, mimi navaa viatu vya kuchomeka mguu kwa sababu kamba zimenishinda. Leo nitafunga waya?"

Nikamgeukia mdogo wetu.

"Nina sare hamsini za shule zinaningoja, kaka. Nikipata nafasi ya kuchezea maua, nitalala kwanza."

"Basi ni nani?"

"Si useme tu kwamba unaogopa."

"Siogopi. Ninachunguza."

"Chunguza ukiwa ndani, basi. Mbona unachungulia dirishani kama mwizi wa kuku?"

Niliingia ndani. Nilichukua ua kavu moja kutoka kwenye kapu lako, nikalichomeka katika nafasi na kulifunga kwa waya mizunguko mitatu. Lilikaa upande, lakini shada lilikuwa limejaa. Nikamwita mumeo apapase.

"Limejaa," alikiri. "Lakini hakunionyesha yeye. Tungoje Alhamisi."

Alhamisi tulilikuta ua langu palepale, limenyooshwa, waya wake umefunguliwa na kufungwa upya, ukizunguka kutoka kushoto. Nafasi ilikuwa imefunguka shibiri mbili mbele yake.

Hivyo niliamua kukaa. Ilikuwa mchana wa jua kali; kuku wa jirani walichakura, na mtu fulani alikuwa akipigilia bati. Nilifunga mlango kwa ufunguo nikautia mfukoni. Mumeo alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi mezani, shada mbele yangu. Toka saa nane mpaka saa kumi sikuona kitu kikisogea, na niliandika hivyo kwenye daftari.

"Umemaliza, shemeji?" aliuliza mumeo.

"Nimemaliza nini?"

"Kufunga. Leo umekaa nalo muda mrefu. Nilikuwa nausikia waya." Akageuza sikio kuelekea mezani. "Na ulikuwa unavuta pumzi kwa pua vile vile, kama yeye."

Mashina yalikuwa hamsini na nane. Mkono wangu wa kushoto, ambao sijawahi kuutumia hata kushikia kijiko, ulikuwa na utomvu mpaka kwenye kiganja, na alama ya waya kuzunguka kidole cha shahada.

Nakubali kwamba mtu wa umri wangu anaweza kusinzia akiwa amekaa wima, na kwamba utomvu hushika popote. Nilinawa. Haukutoka kwa siku tatu. Na kwa kuwa hii ni kumbukumbu, si ripoti, niseme pia kwamba kwa siku hizo tatu mkono ulinuka kama wako, wala sikufanya haraka ya kuusugua. Sikumwambia mtu hayo, mpaka leo ninapowaambia wasomaji wote kwa pamoja.

Tangu hapo sijakaa tena mle ndani. Hilo halikubadilisha hesabu. Ikafika sitini, ikafika sabini, na shada likawa zito hata, tulipolitundika ukutani, msumari ukang'oka na plasta yake. Sasa limerudi mezani. Mumeo hukaa nalo kila alasiri na kulipapasa taratibu, kama mtu anayemtafuta mwenzake katika umati. Jicho la kulia sasa linaona mwanga na vivuli tu.

Jumapili iliyopita tuliitisha kikao. Binti yako alikuja na gari na barua ya daktari: imebaki miezi miwili, baada ya hapo hakutakuwa na cha kutibu. Nasi tulikuwa na habari ya kumpa. Alhamisi iliyotangulia lilikuwa limeongezeka shina la themanini na nane, na kwa mara ya kwanza hakuna nafasi iliyofunguka. Tulilizunguka sisi watatu, macho sita. Tuliligeuza, tukaliinua, tukamulika kwa tochi. Lilikuwa limejaa pande zote.

"Baba!" binti yako alimshika mabega. "Limeisha. Nakuapia limeisha. Mkoba wako uko wapi?"

"Mkoba upo tayari tangu mwaka jana," alisema mumeo. "Ulidhani nataka kupofuka?"

Alivaa viatu vyake. Alivaa koti. Mdogo wetu alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari na kumtania dereva, ambaye ni binti yako mwenyewe, kwamba abiria huyu asipewe kiti cha mbele, ana maelekezo mengi. Ndipo mumeo aliposema, "Niliage," akaweka mkono juu ya shada na kuanza kulizunguka, ua kwa ua, bila haraka. Waliokuwa garini walirudi ndani kumwita. Karibu na mwisho mkono ulisimama.

"Hapa," alisema.

Binti yako aliinamisha uso mpaka ukakaribia kugusa. "Baba, hapo kuna protea. Naiona."

"Hapa kuna nafasi."

Kidole chake kilikuwa kimezama mpaka kiungo cha pili ndani ya ua zima, ambalo halikuwa limepasuka popote.

"Basi weka lako, shemeji, twende," alisema mdogo wetu. Utani ulikuwa umemwishia.

"Siwezi. Ameshika."

"Ameshika nini?"

"Kidole."

Hakuna aliyemvuta. Tulisimama, na gari nje likiwa linanguruma, mpaka uso wake ulipolegea na mkono ukatoka. Neno alilolitumia ni kwamba ameachiwa, nalinukuu tu. Kidole kilikuwa na alama nyembamba ya waya, inayozunguka kutoka kushoto. Binti yako aliishika alama ile kwa vidole vyake viwili, akaisugua kama doa, na haikufutika.

"Amekuonyesha?" aliuliza. Hilo ndilo swali ambalo, kwa mwaka mzima, alikuwa amekataa kuliuliza.

"Bado, mwanangu. Amesema ningoje kidogo."

Alivua viatu, akavipanga chini ya meza. Binti yako alikwenda kulizima gari.

Tunaokukumbuka ni mumeo, binti yako, mdogo wako, fundi cherehani, nami kaka yako. Haitapita siku tusikutaje. Na kwa kuwa kikao hakiwezi kufungwa bila azimio, imeamuliwa kwa kura tatu dhidi ya moja kwamba shada lihesabiwe kuwa limekamilika kuanzia leo, na kwamba mumeo ahesabiwe kuwa amekwisha kuhamia mjini na yumo katika matibabu, ingawa kwa sasa, mpaka itakapotangazwa vinginevyo, ataendelea kukaa pale alipo.