Benchi la Mlango wa Mbele

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila miguu inanisumbua kwa kusimama zahanati kutwa. Nakuandikia kwa sababu simu siiamini. Watu wa nyumba hii wana masikio marefu.

Tangu juzi kuna vijana wawili wameketi kwenye benchi la mlango wetu wa mbele. Kila mwanamke akiingia, wanabonyeza kitu kwenye kishikwambi. Nimewauliza wametumwa na nani, wakanitajia ofisi yenu ya mipango ya afya. Wewe unafanya kazi humo humo na hukunidokeza. Kwa nini?

Unawajua wanaokuja chumbani kwangu. Wanafuata sindano za uzazi wa mpango, wanapima magonjwa wasiyoweza kuyataja nyumbani. Hawataki kuonekana. Kuna namna hapa. Nijibu.

Shangazi yako

12 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini miguu imepata nafuu. Mimi mzima, kazi tu zimenibana.

Kuhusu wale vijana siwezi kuandika. Ofisi inaamua kila mtaa upewe huduma gani za uzazi na nani akabidhiwe kazi hiyo. Sisi wenye ndugu kwenye zahanati tumekatazwa kuzungumza nao mpaka uamuzi utoke. Nakuomba jambo moja: endelea na kazi kama kawaida. Kama kawaida, Shangazi.

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Salamu nimezipata. Mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Kama hakuna baya, kunyamazishana kwa nini? Mficha uchi hazai, na mimi mkunga nalijua hilo kuliko wewe.

Nimeamua mwenyewe. Nimewaambia wanawake wangu kwamba wale ni wapelelezi, wanakusanya majina wayapeleke kwa waume zao. Anayeweza kungoja, angoje nyumbani. Asiyeweza, apitie dukani kwa fundi cherehani, maana mlango wake wa uani unatokea kwangu. Akiulizwa, alikwenda kupunguza gauni. Vijana wamekaa wiki nzima wakipiga miayo. Nimewakomesha.

Mama yako naye, yule wifi yangu Tarumbeta, jana alitangaza kwenye kikao cha akina mama kwamba chumba changu ni shimo la laana, bora kifungwe. Usije ukawa ndiye unayemsikiliza.

Shangazi yako

26 Machi

Shikamoo Shangazi,

Naomba hii ikukute mzima, maana nina habari mbaya. Uamuzi umebandikwa ubaoni, sasa naweza kusema.

Wale vijana hawakuandika jina la mtu. Walikuwa wanapima uhitaji, ili chumba chenye watu wengi kiongezewe muuguzi na dawa. Ripoti inasema mtaa wenu hauna wanaokuja. Chumba chako kitafungwa mwezi wa sita, na huduma itahamia ng'ambo ya barabara kuu. Niliposema si kweli, nikaambiwa namtetea shangazi yangu, nikatolewa kikaoni. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia kwa kunyamaza.

Pingamizi zitasikilizwa Alhamisi ijayo ukumbini. Wahudumu hawaruhusiwi kusema. Ni wanaohudumiwa tu, kwa midomo yao. Walete.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Hali yako naijua, na yangu utaiona humu.

Nilipita mlango kwa mlango. Muuza mkaa akanijibu kwa niaba ya wote: "Dada Mkunga, si wewe uliyesema hawa wanapeleka majina kwa waume zetu? Leo unatutuma tukajitaje wenyewe. Umelipwa na nani?" Uongo wangu waliumeza mzima, ukweli umewakwama kooni.

Alhamisi nilikaa ukumbini peke yangu. Mwenyekiti alishaanza kukusanya makaratasi, mara akaingia mama yako. Nikasema basi, huyu amekuja kutuzika. Akasimama, na sauti yake unaijua, haihitaji kipaza sauti.

"Mimi napitia kwa fundi cherehani tangu mwanangu wa mwisho alipokuwa ananyonya, na hata leo nakwenda kupimwa. Kile chumba nilikitukana ili mtu asinidhanie. Mume wangu hajui. Leo atajua."

Huyo wa mwisho ni wewe. Na mume ni kaka yangu, aliyenilalamikia miaka yote kwamba mkewe aliacha kuzaa mapema, nami niliyekuwa nikimchoma mkewe sindano nikimpa pole kwa uso mkavu.

Wamekubali kuhesabu upya mwezi ujao. Mama yako analala kwangu, kwani kaka hamfungulii mlango, na mimi haitikii salamu yangu. Njoo uzungumze na baba yako, wewe anakusikiliza. Wanawake bado hawajarudi. Wananitazama kwa jicho la pembeni, na nimelistahili.

Mama yako ameniagiza nikuulize vijana wanarudi siku gani. Anataka kukaa nao kwenye benchi la mbele kutwa nzima, afume kitambaa chake, wenzake wapite wamwone.

Shangazi yako