Kengele Iliyofungwa Ulimi

Akita, 9 Oktoba 1983

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, nayo yalianza kulalamika kabla hujazaliwa.

Nimelala kwa Bi Otaki, nyumba ya wageni ileile niliyokuwa nikifikia na mama yako kila vuli. Aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema alifariki Machi, akaniongezea wali. Baadaye akanionya kwamba mwaka huu miti haikuzaa mbegu, dubu wanashuka na njaa, kengele ya kuwafukuza isinitoke kiunoni. Ninayo ile ya mama yako. Kwenye basi niliufunga ulimi wake kwa kitambaa, maana abiria walisinzia, na si vizuri mtu kuwa kero.

Milima imekuwa myekundu kwa majani ya vuli. Kila nikigeuka nimwonyeshe mtu, nakumbuka.

Baba yako

Kibanda cha chini, 11 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Unakunywa dawa? Barua hii nampa mchuma uyoga anayeshuka.

Huku kumetulia sana. Jana mbuzi wa mlimani alisimama hatua kumi kutoka kwangu, akatafuna majani na kunitazama kama jirani. Hata ndege hawaruki nikipita. Mama yako alikuwa akisema mlima humpokea anayenyamaza. Leo nimeona gome lililochanwa kwa makucha, utomvu ungali unatiririka. Nilikaa chini ya mti huo nikala tonge langu la wali.

Kesho nahamia kibanda cha juu, nikae siku tano. Tarishi hupanda huko kila Jumatatu.

Baba yako

Osaka, 13 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina utulivu wa salamu. Barua zako mbili zimefika pamoja.

Baba, kengele hailii. Ingekuwa inalia, mbuzi yule angesimama? Ulikifunga kitambaa kwenye basi kwa adabu zako, ukasahau kukifungua, na kwa masikio yako hayo usingejua. Nimempigia simu Bi Otaki. Anasema kibanda cha juu hakina simu, na kwamba jana wachuma uyoga wawili walirudi mbio bila vikapu.

Ningekuja mwenyewe, ila daktari amenikataza kusafiri na kifua hiki. Naogopa, Baba. Naogopa mpaka mwandiko umeharibika. Mwezi Machi, mama alipokwisha kuchomwa, tuliiokota mifupa yake majivuni pamoja, kijiti chako na changu. Yako nitaiokota na nani?

Fungua kitambaa.

Mwanao, Chizuru

Kwa Bi Otaki, 19 Oktoba

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Jana kwenye simu nilikuambia tu kwamba ni mzima. Mengine yalinishinda, Bi Otaki alikuwa amesimama palepale.

Barua yako ilinikuta Jumatatu. Dubu alinikuta Jumamosi.

Nilikuwa nateka maji. Alitoka kwenye mianzi akasimama kwa miguu miwili, karibu kama tunavyokaa mimi na wewe mezani. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza.

Sasa nikuambie ukweli. Masikio yangu ni mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba kengele imenyamaza. Sikukifungua kitambaa kwa kusudi. Nilijiambia, mlima ukinitaka unichukue, nimfuate mama yako bila kumsumbua mtu.

Basi ukaja kunichukua, na mzee wa miaka sabini na moja akajikojolea. Sijawahi kuogopa namna ile. Vidole vilikwenda kiunoni vyenyewe, vikakirarua kitambaa, nikaitikisa kengele huku nikiita jina. Nililiita lako, si la mama yako. Dubu alinitazama kitambo, akageuka, akaingia mianzini. Mimi niliketi kwenye tope nikaendelea kutikisa mpaka mkono ukafa ganzi.

Nilidhani roho yangu imekwisha kuchoka na dunia. Kumbe roho yenyewe haikuwa na habari hiyo. Nisamehe, mwanangu.

Keshokutwa napanda basi, kisha treni, nije nikupikie uji mpaka kifua kipone. Kengele ninayo kiunoni, na kitambaa kimebaki mlimani. Abiria watanivumilia.

Ukisikia kelele kwenye ngazi, fungua mlango.

Baba yako