Jina Nyuma ya Picha ya Wapuraji

Krasna Dolyna, Saskatchewan
14 Machi

Dada yangu Slavka,

Natumai barua hii inakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Wajukuu nao hawajambo? Sisi huku tu wazima, ingawa theluji bado imelala mashambani na upepo hautupi nafasi.

Uliniuliza kuhusu picha ya mama. Nimefungua shajara yangu, nami nakueleza mambo kama yalivyofuatana.

Unakijua chumba cha kumbukumbu tulichokifungua katika shule ya zamani. Tumebaki kaya tisa, na tukiondoka hakuna atakayejua nani alilima wapi. Kila Alhamisi tunakunywa kahawa na kupitisha picha mkono kwa mkono. Jina haliandikwi nyuma ya picha mpaka watu wawili waliomfahamu mhusika, wasio ndugu zake, waweke sahihi. Utaratibu huo niliutunga mimi.

Mama yumo katika picha moja tu duniani, ile ya wapuraji wa ngano, amesimama kando ya mashine na ndoo ya maji. Mzee Bodnar alikuwa tayari kumtambua. Mwingine aliyebaki hai ni Bibi Teklia Prystupa, ambaye mama alitumika kwao. Nilipomwomba, alisema ataangalia macho yakimruhusu. Basi majira yote ya baridi nimempelekea supu ya bitiruti na kumzolea theluji mlangoni, naye kila mara ananiambia, mimi mwenye miaka sitini na moja, "Supu hii maji ya kuoshea vyombo, kijana. Ndivyo alivyokufunza mama yako?" Nilicheka naye, Slavka.

Alhamisi iliyopita akaja. Kesho yake picha zilikuwa zinakwenda kwenye hifadhi kuu mjini, ambako haruhusiwi mtu kuongeza neno. Akaisogeza picha puani, akasema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu hamjui, ila ndoo anaijua, ni ya kwao. Watu wakacheka. Akasema ataweka sahihi kwenye maneno "mtumishi wa akina Prystupa", la sivyo tuandike "hajulikani".

Mzee Bodnar akamwambia, "Teklia, mwogope Mungu."

Akajibu, "Mungu hajaniomba sahihi."

Sasa nikuambie nililokuficha kwenye simu, niliposema mambo yamekwenda vizuri. Kalamu niliishika mimi. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mtumishi wa akina Prystupa." Niliona afadhali hivyo kuliko "hajulikani". Bodnar akaweka sahihi bila kunitazama. Teklia akafuata, akafunika kalamu.

Kisha akalitaja jina la mama, taratibu, "Yevdokia Hnatiuk. Aliimba akikamua ng'ombe. Kaka yangu Maksym alitaka kumuoa, nikamwambia baba. Alikuwa na kovu la moto hapa," akanigusa shingoni.

Nikamsogezea picha na kalamu tena. Akasema macho yamechoka. Akaomba kahawa, nikammiminia.

Najua uliwaahidi wajukuu kuwapeleka mjini wakamwone mama pichani. Nakuomba usiwapeleke. Wameshajifunza kusoma.

Wasalimie wote nyumbani, na Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Orest